Rungu Namba Moja Limeongezeka Uzito

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mizani ilitulia kwenye gramu mia sita arobaini na moja.

Kadi ilisema mia tano themanini na nane.

Hapo ndipo tulipomwacha Mpimaji wiki iliyopita, msomaji: amesimama katika chumba chake cha marungu, miwani imemteremka puani, rungu namba moja liko kwenye sahani ya mizani, na mwenye rungu anatarajiwa kugonga mlango saa sita kamili kuja kulichukua. Tuendelee, maana saa haimngoji.

Mpimaji hakupiga kelele. Alikuwa amepima ardhi miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na kazi ile ilimfundisha kwamba namba ikikataa, unaanza kwa kukagua chombo. Alilitoa rungu. Akaweka jiwe la mizani la nusu kilo: mia tano kamili. Akaongeza la gramu mia: mia sita kamili. Mizani haikuwa na kosa.

Akalirudisha rungu. Mia sita arobaini na moja.

Gramu hamsini na tatu zimetoka wapi?

Mti uliokwisha kukatwa haunenepi. Rungu la zamani limeshatoa maji yake yote. Msimu wa mvua litavuta unyevu kidogo, gramu tatu, nne, na jua likiwaka litazirudisha. Mpimaji alijua hivyo kwa sababu kila mwaka, katika wiki hii hii, aliyashusha marungu yake yote sitini na matatu, akayapima moja moja kuanzia namba moja, akaandika. Kadi ya namba moja ilikuwa na mistari ishirini na sita, mstari mmoja kila mwaka. Kati ya uzito wa juu kabisa na wa chini kabisa, tofauti ilikuwa gramu tano.

Alichukua rula ya chuma. Urefu, sentimita sitini na moja na milimita nne, kama kadi. Akazungusha utepe kichwani: kama kadi. Kovu la upande wa kushoto, pale rungu lilipogonga lango la chuma zamani, lipo mahali pake. Akalisogeza dirishani na kuliangalia kovu kwa kioo cha kukuzia.

Ndani ya kovu hapakuwa na uchafu.

Kila kipimo kilikubali, isipokuwa kile kimoja ambacho mchongaji hawezi kukiiga kwa macho.

"Si lenyewe," alisema, na hapakuwa na wa kumsikia ila marungu.

Chumba kile kilikuwa na funguo tatu. Mmoja ulikuwa mfukoni mwake. Wa pili alikuwa nao mkewe. Wa tatu alikuwa nao shemeji yake, seremala aliyezitengeneza rafu.

Na rungu lenyewe, msomaji, halikuwa lake. Miaka ishirini na sita iliyopita, Mlinzi wa lango la ofisi ya ramani alianza kupoteza macho. Siku ya kwenda kutibiwa alimpa Mpimaji rungu alilochongewa na baba yake. "Niwekee, bwana mdogo. Nikirudi nitalichukua." Alirudi, ila macho hayakurudi, na kuhusu rungu hakuna aliyefungua mdomo. Mpimaji alilitundika ukutani. Ukuta ukaonekana mtupu, akatafuta la pili. Akapata la tatu, lenye kichwa cha fundo la mzizi, kisha la nne, fupi, la kurusha. Ndivyo mkusanyiko wote ulivyoota, juu ya kitu cha kuazima.

Kwenye kadi, mbele ya maneno "Limepatikanaje", alikuwa ameandika: Zawadi. Herufi sita. Katika kadi sitini na tatu, hilo ndilo neno pekee lisilo kweli, na siku hizi lilikuwa likimwamsha alfajiri.

Siku nne zilizopita alimpigia Mlinzi simu. Njoo, alimwambia, nataka kukurudishia rungu lako. Mlinzi alimwuliza saa ngapi. Kisha akasema, "Nitakuja, bwana mdogo."

Na sasa la kurudisha halipo.

* * *

Mkewe alikuwa chumbani akikunja mashuka. Aliwahi kufundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini, na mtaa mzima, pamoja na mumewe, ulimwita Mwalimu.

"Mwalimu, nani ameingia chumba cha marungu?"

"Vumbi."

"Nauliza kwa uzito."

"Na mimi najibu kwa uzito. Linaingia kila siku, na anayelitoa ni mimi."

"Namba moja limebadilishwa."

Mikono ya Mwalimu ilisimama kwenye shuka. Sekunde moja, labda mbili. Mpimaji aliiona.

"Umelipima?"

"Ni wiki ya kupima."

"Mungu wangu," alisema Mwalimu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Wiki ya kupima." Alisema kama mtu aliyefika kituo cha basi akakumbuka ameacha jiko linawaka.

"Kuna kitu unakijua."

"Nakijua. Na nimechoka, baba watoto. Nenda kamuulize mdogo wangu."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Nimesema kamuulize. Sikusema ni yeye. Na vaa viatu, hizo ni ndala."

* * *

Karakana ya Fundi ilikuwa mitaa mitatu kutoka pale. Mpimaji alifika saa tano kasorobo, jasho linamtoka, rungu limo ndani ya foronya.

"Shemeji!" Fundi alizima msumeno. "Leo umebeba maiti ya nani?"

"Fungua uone."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, akavuta foronya. Akaligeuza rungu kwenye mwanga. Uso ukamchangamka, kama mzazi anayesomewa matokeo ya mtihani.

"Kazi ya nani hiyo?" Mpimaji aliuliza.

"Yangu. Kuna mwingine mji huu anayeweza kuchonga kovu kama lile?"

Mpimaji alikuwa amejiandaa kwa uongo. Njiani alikuwa amepanga maswali matano, moja baada ya jingine. Yote yaliyeyuka.

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri nini? Najisifu! Miezi minane, shemeji. Miezi minane nangoja uligundue. Nilidhani utajua siku ile ile. Wiki ikapita, mwezi ukapita, nikasema basi, kumbe mimi ni fundi kuliko nilivyojidhania. Niambie, nini kimeniangusha? Rangi?"

"Uzito. Gramu hamsini na tatu."

"Aa!" Fundi alijipiga paji la uso. "Mti ulikuwa haujakauka. Si nilikuambia tuuache kwanza juani? Ukasema hakuna muda."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Nilisema mimi?"

Tabasamu la Fundi liliondoka pole pole.

"Nilisema lini?"

"Shemeji, tuyaache."

"Nani alikuagiza?"

"Dada amenikataza."

"Nakuuliza nani alikuagiza kuiba mali ya kipofu na kutundika mfano wake nyumbani kwangu."

Hapo Fundi aliudhika. Aliweka rungu juu ya meza, akafungua sanduku la patasi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye madoa ya gundi.

"Tangu umeingia humu unaniita mwizi kwa macho. Sasa umeniita kwa mdomo, na mteja yupo pale nje anasikia. Soma."

Ilikuwa karatasi ya daftari la mistari. Urefu. Mzingo wa kichwa. Unene wa shingo. Kina cha kovu, milimita mbili na nusu. Kila tarakimu 7 ilikuwa na kistari katikati. Chini yake: *Shemeji, nichongee nakala ya namba moja, vipimo hivi hivi, haraka.* Na sahihi.

Sahihi ya Mpimaji.

Aliisoma mara mbili. Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaisoma mara ya tatu. Karatasi ni ya daftari lake. Wino ni wa kalamu yake. Ule mkia wa herufi ya mwisho hauigiki, ameutia kwenye ramani elfu kadhaa. Na hakukumbuka hata kidogo kuandika mstari mmoja wa karatasi ile.

Namba ikikataa, unaanza kwa kukagua chombo. Asubuhi alikuwa amekagua mizani. Kulikuwa na chombo kingine hakukikagua.

"Kaa, shemeji," Fundi alisema, akimvutia kigoda. "Umepauka."

"Umechonga nakala ngapi?"

"Hiyo moja."

"Una hakika?"

"Moja tu, haki ya Mungu. Ungeniagiza nyingine ningekukatalia mpaka unirudishie rungu la marehemu baba."

"Namba ishirini na mbili."

"Hilo hilo, unaloliita namba. Nimekuomba mara ngapi?"

"Mara saba."

"Na ukanijibu nini?"

"Limo kwenye orodha."

"Limo kwenye orodha," Fundi aliuambia ubao uliobanwa kwenye jiliwa. "Unasikia? Baba yangu yumo kwenye orodha."

Mpimaji alisimama.

"Lenyewe liko wapi? La Mlinzi."

"Hilo kwenye karatasi hukuniandikia."

* * *

Saa tano na nusu alikuwa amerudi. Mwalimu alikuwa ameshapanga vikombe sebuleni. Viwili vya wenyeji, viwili vya wageni.

"Mwalimu. Mimi ninaumwa?"

"Ngoja wageni waje."

"Nijibu kwanza."

"Nimeshakujibu." Aliweka sahani ya kikombe cha nne, akainyoosha iwe sawa na nyingine. "Nimekujibu mara mbili, hapo hapo uliposimama, na mara zote mbili ulishika hivyo hivyo mgongo wa kiti. Ya tatu sina nguvu nayo kabla ya chai."

Mpimaji aliutazama mkono wake. Ulikuwa umeshika mgongo wa kiti.

Saa sita kasoro dakika mbili, mlango uligongwa.

Mlinzi alikuwa na miaka themanini na minne, mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkono mmoja begani kwa binti yake. Binti mwenyewe alikuwa mshona nguo wa miaka arobaini na kitu, na kwenye kola ya gauni lake kulikuwa na sindano aliyosahau kuichomoa.

"Bwana mdogo!" Mlinzi alisema kuelekea mahali ambapo Mpimaji hakuwepo. "Bado hujafa?"

"Bado, mzee wangu. Niko huku. Na wewe?"

"Mimi naulizia tu nafasi, wanasema imejaa."

Bwana mdogo alikuwa na miaka sabini na miwili. Alimshika mkono, akamkalisha. Kisha akafanya kitu alichokiamua njiani, akitoka karakana: hakueleza neno. Alilichukua lile rungu la Fundi, akamwekea Mlinzi mikononi, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama.

Ilikuwa hesabu rahisi. Duniani kuna mtu mmoja ambaye hahitaji mizani kwa rungu hili. Amekesha nalo getini miaka thelathini. Mkono wake utasema.

Mlinzi alishusha vidole mpaka chini ya mpini. Akavipandisha hadi shingoni, akakizunguka kichwa. Kidole gumba kililikuta kovu, kikaingia, kikatulia. Akalinyanyua kidogo, akalishusha. Akalinyanyua tena.

"Lenyewe," alisema. "Hili ndilo lenyewe. Ahsante, bwana mdogo, umenitunzia."

Binti yake alikuwa anatazama sakafu. Mwalimu alikuwa anamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

"Gramu mia sita arobaini na moja," alisema Mpimaji.

"Nini?"

"Hilo uliloshika. La kwako ni mia tano themanini na nane. Fundi amelichonga kwa mti mbichi, na kovu lake lina miezi minane. Usiniambie kwamba hujui, mzee wangu. Mimi nimejua, na mimi ni mtu wa kadi tu."

Chai ilifurika kwenye sahani, ikaanza kudondoka zuliani. Hakuna aliyeifuta.

"Baba, mwambie," binti alisema. "Mwambie tu. Nimechoka kulibeba."

"Kubeba nini?" Mpimaji aliuliza.

"Hilo! Hii ni mara ya tatu, baba mdogo. Unapiga simu, tunakuja, unampa, anakushukuru, tunaondoka nalo. Kesho yake mama mdogo anakuja kwangu na mfuko, analichukua, anakwenda kulirudisha ukutani. Miezi inapita, unapiga simu. Hilo rungu limezunguka mji huu kuliko mimi."

"Mara ya pili nilikuja na mvua," Mwalimu alisema, kama mtu anayesahihisha rekodi. "Nililifunga kwenye kanga yangu."

Mpimaji aligeuka kwa Mlinzi. "Na lenyewe?"

"Nyumbani kwangu, nyuma ya mlango." Sauti ya mzee ilikuwa ya chini, haina haraka. "Uliniletea mwenyewe, kwa miguu yako, miezi minane iliyopita. Ulilifunga kwenye taulo. Mkeo alikuwepo. Uliongea sana siku ile, bwana mdogo, mambo ya kadi, mambo ya neno zawadi. Ukaniomba radhi. Nikakusamehe. Uliponiita tena nikakusamehe tena, na ya tatu yake vile vile. Leo nilikuja na ya nne."

"Ungekataa kuja."

"Kukataa ni lazima niseme kwa nini. Na wewe ukinipigia simu unasikika kama mtu aliyebeba gunia kichwani, hajui alitue wapi. Nikishaondoka na kipande hiki cha mti, mkeo ananiambia unalala usiku kucha." Mlinzi aliligeuza rungu magotini. "Mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni watu walale."

Mpimaji alikaa. Alitaka kuuliza mambo mengi, akachagua moja.

"Nakala ya nini, Mwalimu? Kama nilikwisha kurudisha, nakala ya nini?"

Mwalimu alikaa mbele yake. Alikuwa ameshasema haya mara mbili, na maneno yalitoka yamenyooka, kama somo la zamani.

"Daktari alikuambia kwamba utaanza kusahau. Mambo ya karibuni kwanza. Ulirudi nyumbani hukulia, ulichukua kalamu. Ukasema cha watu kirudi kabla sijasahau kwamba ni cha watu. Halafu ukasema ukuta usibaki na pengo. Nikiona pengo nitakuuliza, Mwalimu, na nikikuuliza kila siku utanichoka. Ndipo ukaagiza nakala. Ulijidanganya wewe mwenyewe, kwa vipimo kamili, ili usinisumbue mimi."

"Nikasahau mizani."

"Ukasahau mizani."

Hapo, msomaji, binti wa Mlinzi aliinuka akachukua kitambaa, akafuta chai.

"Sasa nifanyeje?" Mlinzi aliuliza. "Niondoke nalo, nisiondoke nalo?"

"Ondoka nalo. Na Mwalimu asije kulichukua."

"Na pengo?" alisema Mwalimu.

Mpimaji alikwenda chumba cha marungu. Walimsikia akivuta kiti, akapanda, akashuka. Mwalimu alipokwenda kutazama, misumari miwili ya namba moja ilikuwa wazi, na kati yake, kwa chaki, kwa herufi kubwa zilizosimama kama za ramani, ukuta ulisema: LIKO KWA MWENYEWE.

"Nitakuwa nasoma," Mpimaji alisema. "Badala ya kuniambia, utanionyesha kwa kidole tu. Kidole hakichoki."

Mwalimu alisoma. Akasahihisha herufi moja iliyolala, kwa ncha ya kidole, akatoka. Ila mlangoni aliushika ukingo kwa muda, na mabega yake yalikuwa yameshuka kwa namna ambayo Mpimaji hakukumbuka kuyaona. Kutokumbuka kwake, leo, hakukuwa ushahidi wa chochote.

* * *

Saa saba kasoro dakika kumi wageni waliondoka. Mpimaji alibaki na droo ya kadi.

Kulikuwa na swali moja halijajibiwa, na lilikuwa la kazi. Kama alirudisha rungu akiwa na akili zake, aliandika wapi? Angeweza kudanganya ukuta. Angeweza kudanganya macho yake mwenyewe. Kuiacha kadi iendelee kuongopa, hapana, hakujijua hivyo.

Aliichomoa kadi ya namba moja. Mbele hapakuwa na jipya: mistari ishirini na sita, na lile neno.

Nyuma ya kadi ni kwa marungu yaliyoondoka. Ndivyo alivyopanga mwanzoni kabisa. Kwa kuwa hakuna rungu lililowahi kuondoka, hakuwahi kugeuza kadi hata moja. Hata leo asubuhi, mizani ilipomkatalia, alisoma mbele tu.

Akaigeuza.

Ilikuwa imeandikwa. Wino, mwandiko wake, tarehe ya miezi minane nyuma: *Limerudishwa kwa mwenyewe. Neno "zawadi" upande wa mbele si kweli. Liliazimwa.*

Mpimaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kwa mara ya kwanza tangu saa nne na dakika kumi, kulikuwa na mtu aliyemwambia ukweli kabla ya kuulizwa, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Kisha akaona mstari wa chini.

Huu ulikuwa wa penseli, mdogo, umebanwa pembeni kama aliyeuandika alikuwa anasikiliza mlango. Tarehe yake ilikuwa ya wiki saba zilizopita. Mwandiko ulikuwa wake pia.

*Pima 22. Usimwambie mtu kabla ya kupima.*

Sebuleni sauti ya Fundi ilikuwa imeshafika, inacheka, inamsimulia dada yake habari za gramu hamsini na tatu. Mwalimu alikuwa anamwambia ashushe sauti.

Mpimaji alisimama akaufunga mlango. Akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni.

Namba ishirini na mbili lilikuwa rafu ya pili, la tano kutoka dirishani. Rungu fupi, jeusi, kichwa chake ni fundo la mzizi, mpini umelainika kwa mikono ya watu. Baba mkwe alimpa yeye, mwaka wa mwisho wa uhai wake, mbele ya watoto wake wote wawili. Kovu hakuna. Ufa hakuna. Kwa macho, lilikuwa lile lile.

Kadi yake ilisema gramu mia nne arobaini na nne, na haijawahi kupanda au kushuka zaidi ya tatu.

Aliifuta sahani ya mizani kwa leso. Akalilaza rungu katikati, akaondoa mkono, akangoja mshale uache kutikisika.

Saa saba na dakika kumi na mbili, mizani ilitulia kwenye mia tatu tisini na sita, gramu arobaini na nane chini ya kadi.

Alilitoa. Akaweka jiwe la nusu kilo: mia tano kamili. Akaweka la gramu mia: mia kamili. Akageuza kadi ya ishirini na mbili. Nyuma yake hapakuwa na neno.

Karakana nzima ya Fundi, kwa kauli ya Fundi mwenyewe, ilikuwa imetoa nakala moja tu.

Kicheko cha sebuleni kilikuwa kimekoma. Mpimaji hakuweza kusema kilikoma lini.

Saa saba na dakika kumi na tano, ufunguo mwingine, wa Mwalimu au wa Fundi, uliingia kwenye kitasa kutoka nje, ukazunguka.